JAMANI, KITABU SI SLAIDI!

Najua nimekuwa kimya siku nyingi. Tesi zilinibana, na umeme nao ukafanya yake. Leo sina stori za bumu kuchelewa wala za foleni ya kantini. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na ninyi mnaosoma hapa, marafiki zangu wa kufa na kuzikana. Msininunie.

Ishu yenyewe ni hii. Wiki iliyopita kwenye grupu la darasa lilirushwa faili. Kitabu cha kozi yetu ya maendeleo vijijini, kurasa mia nne na ushee, kimegeuzwa slaidi 58. Mtu kachukua nakala ya kielektroniki ya kitabu, kaitupia kwenye programu ya mtandaoni, kabonyeza kitufe, kaenda kunywa chai. Anarudi, kikombe hakijapoa, kitabu kimekwisha! Grupu likalipuka. "Ubarikiwe mwanetu!" "Hapo sasa!" "Kitabu tumekimaliza!" Kuna mpaka aliyependekeza jamaa achangiwe soda.

Sasa mimi nauliza, kakimaliza nani? Aliyebonyeza kitufe hakukisoma. Programu nayo haikukisoma, ilikikata. Sisi tuliopokea tumeona vipande 58 vya kitu tusichokijua. Yaani darasa zima limemaliza kitabu ambacho hakuna hata mmoja aliyekifungua. Huo kwa kweli ni muujiza.

Naomba nieleweke mapema ili nisipigwe mawe. Sina ugomvi na slaidi. Sina ugomvi na kompyuta. Sina ugomvi hata na madesa, maana desa ni mila yetu tangu enzi za kaka zetu waliokuwa wakipanga foleni ya fotokopi. Ugomvi wangu ni na huu mtindo mpya wa kuchukua kitabu kizima, kukigeuza slaidi kwa mashine, halafu kukitupa kitabu na kubaki na slaidi kana kwamba ni kitu kilekile. Si kitu kilekile. Na gharama yake tutakuja kuwalipisha watu wengine, wasio na hatia. Nitafika huko.

Mashine inafanya nini hasa?

Tuanze na mashine, maana wengi mnaitumia bila kujua inachofanya. Faili la EPUB ni kama mfuko uliofungwa. Ukiufungua ndani unakuta kurasa kama zile za wavuti: vichwa vya sura, aya, majedwali, picha. Faili la PowerPoint la siku hizi nalo ni mfuko wa namna hiyohiyo. Kwa hiyo kuhamisha maneno kutoka mfuko huu kwenda ule si kazi ya ajabu. Ipo programu ya bure inaitwa Pandoc, aliianzisha John MacFarlane mwaka 2006. Ukiipa EPUB inakupa slaidi, tena bila hata intaneti.

Nimeijaribu kwenye laptopu yangu. Inachofanya ni kutafuta vichwa vya habari. Kichwa kinakuwa juu ya slaidi, na aya zilizo chini yake zinamwagwa hapohapo. Aya ikiwa ndefu, maneno yanamwagika nje ya slaidi kwa chini, huyaoni tena. Watu wanasema programu mbovu. Mimi nasema ndiyo programu mkweli kuliko zote! Inakuonyesha waziwazi kwamba kitabu hakienei humo. Ni sawa na kulazimisha gunia la mpunga liingie kwenye kikombe.

Na kama kitabu chako ni PDF iliyoskaniwa, ndiyo usiseme. Kila ukurasa ni picha tupu, hakuna neno hata moja ambalo mashine inaliona mpaka kwanza lipitishwe kwenye programu ya kutambua herufi.

Sasa hizi programu mpya za akili mnemba ndizo zilizoleta balaa, kwa sababu zenyewe zinajua kukienezesha kitabu kwenye slaidi. Zinakienezesha kwa kukikata. Na zinakata nini? Si vichwa vya habari, hivyo vinabaki. Zinakata sababu. Zinakata mifano. Zinakata mahali mwandishi anaposema "lakini", "isipokuwa", "tulikuta tofauti". Tena wakati mwingine zinaongeza jambo ambalo mwandishi hakuliandika kabisa, na wewe utajuaje, wakati kitabu hujakisoma?

Toka nje, uangalie mlima

Nisiwapeleke mbali. Toka nje ya hosteli uangalie Uluguru ilivyosimama pale. Mlima huo una stori ambayo kila mtu anayesoma mambo ya vijijini hapa Moro angepaswa kuijua.

Miaka ya mwanzo ya 1950, serikali ya kikoloni iliona udongo wa Uluguru unaporomoka. Waluguru wakaamriwa wachimbe matuta ya benchi milimani kote. Asiyechimba alikuwa na kesi ya kujibu. Mwaka 1955 watu wakachoka. Kule Matombo wananchi walikusanyika kupinga, polisi wakaja, vurugu zikatokea na mtu mmoja akauawa kwa risasi. Mpango wote ukafa. Roland Young na Henry Fosbrooke waliandika kitabu kizima juu ya siasa za ardhi kwa Waluguru, kikatoka mwaka 1960.

Sasa hebu tuipitishe stori hiyo kwenye mashine yenu. Mimi nimeshawatengenezea slaidi, bure, hata soda sitaki:

• Tatizo: mmomonyoko wa udongo Uluguru
• Suluhisho: matuta ya benchi
• Changamoto: wananchi walikataa
• Mapendekezo: elimu itolewe

Safi, siyo? Mistari minne, unaikariri ukiwa kwenye daladala kati ya Msamvu na mjini. Na kila mstari ukiutazama wenyewe hauna uongo. Lakini ukiisoma yote kwa pamoja unapata picha gani? Kwamba kulikuwa na wataalamu wenye akili na wakulima wakaidi wasioelimika. Hiyo ndiyo picha waliyokuwa nayo wakoloni wenyewe!

Neno lililokatwa ni moja tu: KWA NINI. Kwa nini walikataa? Kwa sababu kwenye miteremko mingi ya kule udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba. Ukichimba benchi unaufukia ule mzuri na kuupandisha juu ule wa chini usio na kitu, halafu mazao yanagoma. Kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa ya kuvunja mgongo. Kwa sababu ardhi ya Waluguru ilikuwa ya ukoo, tena ukoo wa upande wa mama, na mkulima hakuwa mtu mmoja na shamba lake kama ilivyodhaniwa ofisini. Kwa sababu ilikuwa amri ya watu ambao hawakuwachagua, na mwaka mmoja nyuma, 1954, TANU ilikuwa imezaliwa. Na upande wa Mgeta wakulima walikuwa na ngazi zao ndogondogo, wanafukia majani humo yaoze yawe mbolea. Elimu ya udongo walikuwa nayo. Hakuna aliyewauliza.

Haya, "elimu itolewe". Itolewe na nani kwenda kwa nani?

Nipeni mfano mwingine wa hapohapo mlimani, maana huu unanichekesha na kunisikitisha. Tarehe 23 Februari 1970 mvua kubwa ilipiga Mgeta, zaidi ya milimita 100 ndani ya saa tatu hivi. Mlima ukaporomoka sehemu zaidi ya elfu moja. Watafiti Paul Temple na Anders Rapp wakayachunguza yale maporomoko, na mwaka 1972 wakachapisha walichokikuta: karibu yote yalianzia kwenye mashamba na nyasi. Yaliyoanzia msituni hayakufika hata moja katika mia. Kiingereza kina neno moja tu kwa udongo unaoporomoka na kwa hizi slaidi zenu, na mimi nadhani Waingereza hawakukosea.

Kwenye slaidi hiyo inakuwa "Ukataji miti husababisha maporomoko." Kila mtoto wa darasa la tano anajua kuusema huo mstari. Lakini ukisoma utafiti wenyewe unajifunza namna walivyojua. Walihesabu, walilinganisha msitu na shamba, wakaangalia mvua ilinyesha kwa kasi gani. Mstari unaweza kuukariri na ukabishiwa ukakosa jibu. Ukijua walivyohesabu, mtu akikubishia unamjibu, na kesho unaweza kwenda kuhesabu mwenyewe kwenye mlima mwingine.

Msidhani ni sisi tu

Kuna watakaosema huyu jamaa anakuza mambo, slaidi haiwezi kumdhuru mtu. Sawa. Mwaka 2003 chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kilipigwa na kipande cha povu gumu kwenye bawa la kushoto wakati kinarushwa. Kikiwa bado angani, wahandisi wa Boeing walichambua hatari hiyo na kuipeleka kwa wakubwa wa NASA kwa slaidi. Slaidi moja ina kichwa cha habari cha kutia moyo. Chini kabisa, kwenye vijistari vidogo, ndipo limefichwa jambo zito: majaribio waliyoyategemea yalifanywa kwa kipande cha inchi 3 za ujazo, wakati kilichopiga bawa kilikadiriwa inchi 1,920. Mara 640! Wakubwa wakaona hakuna tatizo kubwa. Tarehe 1 Februari chombo kikasambaratika kikirudi duniani, wanaanga wote 7 wakafa.

Sisemi slaidi ndiyo iliyowaua. Lakini tume iliyochunguza ajali ile ilisema wazi kwamba kutumia slaidi badala ya ripoti kamili za kiufundi ni tatizo, na Edward Tufte, profesa wa mambo ya kuonyesha takwimu, akaichambua ile slaidi mstari kwa mstari. Mwaka uliofuata, 2004, Jeff Bezos akapiga marufuku PowerPoint kwenye vikao vya wakubwa wa Amazon. Anayetaka jambo lake lisikilizwe aliandike kwa sentensi na aya, watu wakae kimya waisome. Hao ni watu wenye hela na projekta za kila aina, lakini wamerudi kwenye aya. Sisi ndio tunazikimbia.

Najua mtakachosema

"Vitabu ni ghali." Kweli kabisa. Kitabu kimoja kipya cha kozi kinaweza kumeza bumu la kula. Ila hoja hiyo hapa haina kazi, maana aliyetengeneza zile slaidi ALIKUWA NA KITABU KIZIMA mkononi! Angeweza kutuambia kinapatikana wapi. Badala yake katupa maganda. Na kwa taarifa yenu EPUB iliundwa kwa ajili ya vifaa vidogo kama simu zetu. Maneno yanajipanga kulingana na kioo chako, unakuza herufi utakavyo, ukishaipakua haili bando tena. Slaidi kwenye simu ni mateso matupu, unavuta kulia unavuta kushoto kama unasaka mtandao kijijini.

Tena kuna wenzetu wasioona. EPUB iliyotengenezwa vizuri inasomwa na programu ya sauti kuanzia mwanzo hadi mwisho, hata kwa NVDA ambayo ni ya bure. Slaidi zilizojaa picha na mishale zinamwacha mwenzako kwenye mataa. Hilo mlilifikiria kabla ya kushangilia?

"Kiingereza cha vitabu kigumu." Hapa sitabisha, na sitamcheka mtu. Wengi tumetoka shule ambazo Kiingereza kilikuwa kinafundishwa kwa Kiswahili, halafu tunafika hapa tunapigwa na kurasa mia nne. Lakini slaidi inakusaidiaje? Kwenye slaidi hakuna sentensi, kuna majina yamepangwa kama mzigo sokoni. Lugha unajifunza pale unapoona wazo linaanza, linageuka, linafika mwisho. Ukurasa wa kwanza utakuchukua saa nzima na kamusi. Wa ishirini utakuchukua dakika kumi. Anayekula slaidi mwaka wa kwanza mpaka wa tatu atatoka na Kiingereza cha nukta nukta, na siku ya usaili ataulizwa "kwa nini?" aanze kutazama dari.

"Wahadhiri wenyewe wanafundisha kwa slaidi, na mtihani unatoka humohumo." Hii ndiyo hoja yenye meno, na naikubali nusu. Wapo, simtaji mtu, wanaochukua sura ya kitabu, wanaimwaga kwenye slaidi, halafu wanatusomea wakiwa wametupa mgongo. Mkimaliza mnatumiwa faili. Mnarudisha yaleyale kwenye UE, mnapewa B plasi, kila mtu anaenda nyumbani na furaha. Walimu wetu, kama mnasoma hapa, shikamooni, ila hapo na ninyi mna mzigo wenu. Mtihani unaoweza kujibiwa na mtu ambaye hajafungua kitabu unapima uwezo wa kukariri basi.

Nusu ninayoikataa ni hii: kwamba kwa sababu mtihani ni mwepesi, basi na sisi tuwe wepesi. Hatusomi ili tukwepe sapu tu, jamani. Kesho kutwa wewe ni afisa maendeleo au bwana shamba. Unapandishwa Kinole, Nyandira, Matombo hukohuko. Mbele yako kakaa mzee aliyelima mteremko ule miaka arobaini, anakuuliza: "Mwanangu, mwaka jana mtaalamu mwingine alisema hivi, mwaka juzi mwingine akasema vile. Wewe unasemaje, na kwa nini?" Utamfungulia slaidi ya 37? Mzee atakusikiliza kwa heshima, atakukaribisha chai, ukishuka mlima atafanya anavyojua. Na akifuata ushauri wako wa nukta nne, shamba litakalogoma ni lake. Wewe mshahara wako uko palepale. Hiyo ndiyo gharama niliyowaambia tutawalipisha wengine.

Slaidi ikae mahali pake

PowerPoint ilitoka mwaka 1987, kazi ya Robert Gaskins na Dennis Austin pale kampuni ya Forethought, kabla Microsoft hawajainunua mwaka huohuo. Ilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayesimama mbele ya watu na KUONGEA. Picha au maneno machache ukutani, maelezo mdomoni mwake. Ukiondoa msemaji umebaki na nusu. Na slaidi za kitabu zilizotengenezwa na mashine hazijawahi kuwa na msemaji tangu zizaliwe.

Kwa hiyo utaratibu ninaoupigania ni wa kinyume. Soma kwanza sura. Funga kitabu. Tengeneza slaidi zako mwenyewe kwa kichwa chako, tano au sita. Pale unapokwama ndipo hukuelewa, rudi usome. Slaidi za namna hiyo ni mali, kwa sababu kila nukta unajua ilikotoka, na mtu akikuuliza una ukurasa mzima nyuma yake. Kazi ya kuchagua kipi kibaki na kipi kitoke NDIYO kusoma kwenyewe. Ukiipa mashine hiyo kazi, mashine ndiyo imesoma, nenda kaipe na cheti.

Kama kitabu ni kikubwa, tugawane. Watu kumi, sura kumi, kila mtu aje kimbwetani aelezee yake kwa mdomo na wengine wambane maswali. Kama kitabu hakipo, tuwasumbue watu wa maktaba, ndiyo kazi yao na wengi wanapenda kusumbuliwa. Majarida ya kilimo na chakula yapo kwenye AGORA, mpango unaoongozwa na FAO tangu 2003 kwa nchi kama zetu. Kama chuo chako kimejisajili, unasoma makala nzima bila kutoa senti. Watu wanakaa miaka mitatu hapa hawajawahi hata kuuliza nywila yake!

Basi, nimemaliza. Atakayesema naringa aseme, nimeshazoea. Jumamosi saa nne asubuhi nitakuwa kwenye vimbweta nyuma ya maktaba na sura ya tatu. Chagua yako uje nayo. Zile slaidi 58 ziache hosteli.

Naomba kutoa hoja.